Msaada Ulioishia Barabarani: Tathmini ya Huduma Tuliyoipata Wakati wa Mafuriko ya Mto Tana, 2024

Watu huandika tathmini ya hoteli waliyolala au ya simu waliyonunua. Mimi nimeona niiandikie tathmini huduma ambayo kijiji chetu, kilicho upande wa chini wa Garsen katika Delta ya Tana, kilipokea kwa muda wa wiki saba hivi, tangu mwisho wa Aprili hadi katikati ya Juni 2024, maji ya mto yalipotuzunguka yakatufanya kisiwa. Huduma yenyewe ilikuwa na sehemu nne: tahadhari kabla ya maji kufika, boti za kuokolea watu na kubebea mizigo, ugawaji wa chakula na vifaa, na malipo madogo ya fedha kupitia simu. Shirika lililoitoa sitalitaja, kwa sababu vijana waliovaa fulana zenye nembo yake walijitahidi kupita mipango waliyokabidhiwa, na lawama ya jina ingewafikia wao kabla ya kuwafikia waliopanga. Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya maafa ya kijiji, kazi niliyotwishwa kwa kuwa ni mwalimu na sikosi daftari, kwa hiyo karibu kila gunia lililoshuka botini lilipita mbele ya kalamu yangu.

Nikitakiwa kutoa alama, nitaipa nyota tatu kati ya tano, na katika hizo tatu, mbili ni za manahodha. Udhaifu wake mkubwa haukutokana na uhaba wa vitu. Vitu vilikuwepo, tena vingi, vimerundikwa kando ya lami pale Minjila na kufunikwa turubai. Kilichokosekana ni namna ya kuvivusha kilomita chache zilizobaki hadi kwetu, na uamuzi wote kuhusu kilomita hizo ulikuwa mikononi mwa watu waliokuwa upande wa lami.

Asiyeyajua mazingira yetu hataelewa ugumu wa kazi hiyo, kwa hiyo nianzie hapo. Mto Tana, ulio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, hutokea Milima ya Aberdare na Mlima Kenya, hupitia mabwawa ya Seven Forks, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha hukata nyika kupitia Garissa, Hola na Garsen kabla ya kuingia Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Huku chini mto umejijengea kingo kwa tope lake wenyewe kwa karne nyingi, hata kingo zikawa juu kuliko tambarare zilizo nyuma yake, na vijiji vya Wapokomo vimekaa juu ya kingo hizo, chini ya miembe. Maji yanapopasua ukingo hayaingii nyumbani kwanza. Huzunguka nyuma, yakajaza tambarare na kufunika njia, na mtu akiamka alfajiri anakuta mto mbele yake na ziwa mgongoni. Mbingu inaweza kuwa nyeupe wiki nzima bila tone moja, kwa maana mvua imenyesha Nyeri na Murang'a, na sisi tunafikiwa na maji yake siku kadhaa baadaye. Masika hayo, ambayo nchini kote yaliua watu zaidi ya 200, yalitukuta hata hatujajikung'uta tope la mvua za El Niño za Novemba na Desemba 2023. Zipo familia zilizokuwa zimesimamisha kuta mpya mwezi Machi na kuziona zikiyeyuka mwezi Mei.

Kuhusu tahadhari nina sifa na lawama kwa pamoja. Mwezi Februari maofisa wawili wa shirika walikuja na nguzo ndefu iliyopakwa rangi tatu, wakamwomba mzee wa kijiji awaonyeshe maji yalipofika mwaka 1997 na yalipofika Novemba iliyopita, wakaisimika kwa kufuata kumbukumbu hizo: kijani chini, manjano katikati, nyekundu juu. Sijapata kuona kifaa cha bei nafuu kilichofanya kazi kubwa namna ile. Watoto waliigeuza mchezo, kila asubuhi wakikimbia kutazama mto umemeza vidole vingapi vya rangi, na siku manjano yote ilipozama hakuna aliyehitaji kuelezwa na afisa. Akina mama walianza kupandisha magodoro juu ya dari na wanaume wakaanza kufunga mitumbwi miguuni mwa miembe.

Ujumbe wa simu ulikuwa jambo jingine. Ulikuja kwa Kiingereza, ukataja kiwango cha maji yanayopita kwa mita za ujazo kwa sekunde, ukamalizia kwa kuwashauri wakazi wa nyanda za chini wahamie nyanda za juu. Nyanda za juu za karibu nasi ni kichuguu kilicho nyuma ya shule. Mzee mmoja aliniletea simu yake niusome, akasikiliza hadi mwisho, akauliza, "Mwalimu, mita hizo zinafika rangi gani?" Hilo ndilo swali ambalo mwandishi wa ujumbe alipaswa kujiuliza kabla ya kubonyeza kitufe. Vipimo vya mto vipo Garissa na maji hutumia siku kadhaa kushuka kutoka huko hadi Garsen, kwa hiyo muda wa kutafsiri namba kuwa rangi ulikuwepo, na sentensi moja ya Kiswahili ingetosha: keshokutwa maji yatafika manjano, ondoeni wagonjwa na mbegu.

Sasa boti, ambako ndiko huduma iling'ara na ndiko ilikoharibika. Shirika lilileta boti mbili: moja ya mpira, mpya kabisa, na nyingine ya faiba, kuukuu, iliyokodiwa pwani pamoja na nahodha wake. Ile ya mpira ilidumu siku mbili. Tambarare zetu zimevamiwa na mathenge, mti wa miiba ulioletwa zamani kuzuia jangwa na ambao sasa umekuwa jangwa wenyewe, na maji yakipanda miiba hiyo hubaki chini ya uso wa maji kama misumari iliyotegwa. Siku ya pili boti ilirudi ikiwa imelegea upande mmoja, watu wakiwa wamejibana upande wa pili na maji yakiwafika viunoni. Hakuna mkazi wa huku ambaye asingetabiri jambo hilo, na hakuna aliyeulizwa.

Ile ya faiba ilikuwa na mashine ya nguvu za farasi 40 na ilibeba magunia 20 ya kilo 50 kwa safari moja, yaani tani nzima. Nahodha wake alikuwa mvuvi wa Kipini, mtu mfupi mwenye maneno machache, na nilisafiri naye mara nyingi kiasi cha kujifunza njia yake ya kusoma maji. Alikuwa haangalii mbele sana. Aliangalia pembeni, mahali ambapo ncha za nyasi zilitikisika bila upepo, kwa sababu hapo chini pana mkondo, na penye mkondo hapana kisiki. Tulipokaribia mahali palipotulia mno alizima mashine, akainua rafadha na kumwachia kijana wa mbele asukume kwa upondo, hata kama safari ingechelewa robo saa. Viboko walikuwa wamehamia mashambani, na mara mbili tulilazimika kuzunguka mbali kumpisha mmoja aliyesimama ndani ya kilichokuwa shamba la migomba, amezama hadi masikioni.

Siku ya nne mratibu alipanda naye akiwa na ramani kwenye kishikwambi. Alisema kwa adabu kabisa, "Kapteni, ramani inaonyesha njia fupi kupitia hapa kushoto, tutaokoa nusu saa." Nahodha alitazama kile kioo kidogo, akatazama kushoto, akajibu, "Ramani yako ilichorwa nchi ikiwa kavu, bwana." Mratibu alikuwa na busara ya kunyamaza, na jambo hilo nalihesabu katika nyota zake, kwa kuwa wengi wa cheo chake wasingenyamaza. Kuanzia siku hiyo ratiba ya safari iliandikwa na nahodha na mzee wa kijiji jioni, mratibu akaipokea tu, na safari ziliongezeka kutoka moja kwa siku hadi mbili.

Jaketi za kuokolea maisha zilikuwepo za kutosha na zilivaliwa. Hilo halikuwa jambo dogo. Tarehe 28 Aprili boti ya abiria ilikuwa imezama Kona Punda, upande wa Madogo, walipokuwa wakivuka sehemu iliyofunikwa na maji kuelekea Garissa. Watu walipoteza maisha, na Msalaba Mwekundu wa Kenya ukaripoti kuwa 23 waliokolewa. Habari hiyo ilitufikia siku hiyo hiyo, na nahodha wetu hakupata tena shida ya kumshawishi mtu kuvaa. Malalamiko yangu hapa ni moja tu: zote zilikuwa za watu wazima. Mtoto wa miaka minne ndani ya jaketi ya mtu mzima huchomoka kwa chini mara tu akiingia majini, kwa hiyo akina mama waliwafunga watoto kwa leso ndani ya jaketi zao wenyewe.

Nifike kwenye mafuta. Safari moja ya kwenda na kurudi, pamoja na kupanda mkondo wakati wa kurudi, ilikula lita 40 za petroli. Wakati huo lita ilikuwa takribani shilingi 194 Nairobi, kwa hiyo hata kwa bei ya Nairobi safari ilikuwa chini ya shilingi 8,000, ingawa kwetu, ambako petroli iliuzwa kwa madumu kando ya barabara, bei ilikuwa ya juu zaidi. Kila dumu lilihitaji fomu, kila fomu ilihitaji sahihi tatu, na sahihi ya tatu ilikuwa ya mtu aliye Nairobi ambaye hafanyi kazi Jumamosi na Jumapili. Mto, kwa bahati mbaya, haukuwa na ratiba ya ofisi. Wikendi ya pili ya Mei boti ilifungwa kwenye mti kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu adhuhuri, huku tani kadhaa za chakula zikiwa Minjila na watu wetu wakipika maembe mabichi. Nilimpigia mratibu, naye akaniambia kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Mwalimu, ninayo malori manne ya unga na sina lita moja niliyoruhusiwa kuimwaga kwenye tangi." Hatimaye wafanyabiashara wawili wa Garsen walitukopesha madumu matano kwa dhamana ya jina la mzee wa kijiji. Deni hilo shirika lililipa, lakini mwezi Agosti.

Mtu anaweza kuuliza serikali ilikuwa wapi. Katiba ya mwaka 2010 imeyaweka masuala ya maafa katika orodha ya serikali kuu na pia katika orodha ya kaunti, na matokeo yake ni kwamba kila mwenye boti ana mkutano wa kuhudhuria. Mikutano ya uratibu ilikuwa mizuri, ilianza kwa wakati, na iligawa vijiji vizuri ili mashirika mawili yasilishe mahali pamoja na kuacha pengine. Jambo ambalo halikuwa kwenye ajenda hata mara moja, kwa kumbukumbu zangu na za daftari langu, ni nani ananunua petroli.

Sehemu ya orodha ndiyo iliyonitoa jasho zaidi, na ndiyo ninayotaka watakaofanya kazi hii waisome kwa makini. Uandikishaji wa kwanza ulifanywa na vijana watano wenye vishikwambi kwa siku moja, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa. Kila kaya ilipewa nafasi ya mkuu mmoja, namba moja ya kitambulisho na namba moja ya simu. Kwa hesabu za mjini hilo linatosha. Kwetu mwanamume mwenye wake wawili wenye nyumba mbili na vyungu viwili alihesabiwa kaya moja, na gunia moja likawa la watoto kumi na mmoja. Wajane waliopoteza vitambulisho majini waliambiwa wasubiri. Waorma waliokuwa wamewapeleka ng'ombe mahali pa juu hawakuwepo saa hizo, na mchana ndio wakati ambao mchungaji hapatikani popote isipokuwa nyuma ya ng'ombe wake. Kwa upande mwingine waliandikwa watu ambao hawakustahili, si kwa hila nyingi, bali kwa sababu mtoto akiulizwa "nani anaishi hapa" hutaja hata mjomba aliye Mombasa.

Baada ya ugawaji wa kwanza kuzua zogo, mratibu alikubali pendekezo la kamati: orodha isomwe hadharani barazani, jina kwa jina, mbele ya wote, wazee wa Wapokomo na wa Waorma wakikaa benchi moja. Ilichukua nusu siku. Kijana wa shirika aliposoma jina la tatu, bibi mmoja aliyekuwa ameketi juu ya mizizi ya mwembe aliinua mkono na kusema, "Mwanangu, huyo unayemwita tulimzika Ramadhani." Watu walicheka, kisha wakanyamaza, na kijana akafuta jina kwa kidole. Yalifutwa majina mengi siku hiyo na yakaongezwa mengi zaidi, na baada ya hapo sikupokea tena mashtaka ya upendeleo ila yale ya kawaida, ambayo hayatakwisha hata siku ya kiama.

Benchi hilo moja lina uzito kuliko linavyoonekana. Mwaka 2012 Delta ya Tana ilishuhudia mapigano kati ya Wapokomo na Waorma ambayo yaliua watu zaidi ya 100, na chanzo chake ni kilekile kinachojitokeza kila maji yanapopanda au kukauka: ardhi, malisho na njia ya kufika mtoni. Boti ikishusha chakula upande mmoja asubuhi na upande wa pili kesho yake, usiku ulio katikati ni mrefu sana. Shirika lililielewa hilo, likachagua kituo kimoja cha ugawaji kwenye kichuguu cha shule, likatoa kwa pande zote mbili saa ileile na kwa kipimo kilekile, na kila upande ukahakiki orodha ya mwenzake. Hapa nawapongeza bila kusita.

Kuhusu vilivyokuwa ndani ya magunia, nitaanza na kosa. Mzigo wa kwanza ulikuwa mahindi mazima. Kinu cha kusaga cha kijiji kilikuwa kimezama hadi kwenye mkanda, kinu cha karibu kilichobaki kilikuwa ng'ambo ya ziwa, na hakuna aliyeweza kutwanga chakula cha kaya zaidi ya 200 kwa vinu vya mkono vitatu. Tulichemsha mahindi hayo pamoja na maharage, na maharage yenyewe yalikuwa makavu yanayotaka saa tatu jikoni, ilhali kuni zote za kijiji zilikuwa zimelowa. Nilimwona mama mmoja akivunja miguu ya kitanda chake kwa shoka ili apike maharage ya msaada, na picha hiyo imenikaa. Mzigo wa pili ulikuja unga, baada ya mratibu kuandika barua aliyonionyesha kwa fahari. Mafuta ya kupikia yalikuwa safi, yamefungwa vizuri, na ndiyo kitu pekee ambacho hakikurudi na lalamiko lolote. Chumvi haikuja kabisa.

Turubai zilikuwa nzito na imara, za mita 4 kwa 6, na bado zipo juu ya mapaa mengi. Viwango vya kimataifa vya misaada vinavyoitwa Sphere vinataka kila mtu apate eneo la mita za mraba 3.5 la kulala lililofunikwa. Turubai hiyo ikilazwa chini inatosha watu sita, lakini ikisimamishwa kama hema hupoteza upana, na shirika lilitoa moja kwa kaya bila kujali kama kaya ni ya watu watatu au tisa. Kamba zilikuja, vigingi havikuja. Vyandarua vilikuja kwa wakati, kabla mbu hawajazaliana katika madimbwi, na nilifurahi kuona kuwa muuguzi aliandamana navyo na akahakikisha vinatundikwa ndani ya mahema badala ya kufungiwa begani na kupelekwa kuvulia samaki. Taulo za kike ziliwekwa ndani ya ndoo zilizofunikwa, hivyo hakuna msichana aliyelazimika kuzipokea mikononi mbele ya umati. Aliyefikiria hilo simjui, ila alifikiria vizuri.

Maji ya kunywa yalitosheleza kwa taabu. Viwango vilevile vinataja lita 15 kwa mtu kwa siku kwa matumizi yote. Sisi, tuliozungukwa na maji hadi upeo wa macho, hatukufikia nusu ya maji salama. Vidonge vya kutibu maji viligawiwa kwa wingi, lakini harufu yake iliwakera wazee, na wengi waliviweka kando hadi habari za kipindupindu katika kaunti yetu zilipotangazwa mwezi Mei. Ndipo mhudumu wa afya ya jamii, binti wa hapahapa, alipoonyesha kwamba maji yakiachwa wazi usiku harufu hupungua, na vidonge vikaanza kutumika. Vyoo vya shimo vilivyochimbwa kwenye kichuguu vilijaa maji kutoka chini ndani ya siku tatu. Vile vilivyojengwa juu ya mapipa vilifaa, ila vilikuwa vichache na foleni ya alfajiri ilikuwa ndefu.

Malipo ya simu nitayapitia haraka, kwa kuwa hayakutuhusu sana. Waliokuwa kambini karibu na lami walinufaika, walinunua walichokihitaji na walijiamulia wenyewe, nami naamini kwamba mahali penye duka lililo wazi fedha ni msaada wa heshima kuliko gunia. Kisiwani kwetu mtandao ulikatika siku ya tano, simu zilikuwa zimezima, na duka la pekee lilibakiza viberiti na sigara. Aliyefanikiwa kuzitoa ni yule aliyekuwa na ndugu Garsen, na mara nyingi ndugu alikata ujira wake.

Lilikuwepo pia sanduku la malalamiko, la mbao, lenye kufuli nzuri ya shaba, lililotundikwa kwenye ukuta wa darasa la nne. Watu waliliamini na wakaandika. Lilipojaa tuliambiwa kuwa ufunguo uko makao makuu na utakuja pamoja na afisa wa uwajibikaji, ambaye safari yake iliahirishwa kwa sababu ya mafuriko.

Anayetaka kutumia huduma ya aina hii, iwe ni kamati ya kijiji, kanisa, msikiti au ofisi ya chifu, asikubali kuambiwa idadi ya magunia kabla ya kuambiwa idadi ya lita za petroli na jina la mtu aliye karibu mwenye mamlaka ya kuzitoa, siku ya Jumapili ikiwemo. Adai pia kwamba boti ikodiwe na nahodha anayeijua delta, hata kama ni kuukuu. Shirika letu lilitimiza hili la pili kwa bahati na kushindwa lile la kwanza kwa utaratibu.

Mbegu niliziacha mwisho kwa sababu zilifika mwisho. Mto huu tunaulaani mwezi Mei na kuushukuru mwezi Juni, kwani maji yakishuka huacha tope jeusi lenye unyevu, na mkulima anayepanda mpunga, mahindi na kunde papo hapo, akifuata maji yanavyorudi nyuma hatua kwa hatua, huvuna hata bila mvua nyingine. Nafasi hiyo hudumu wiki mbili au tatu. Katika mkutano wa kufunga huduma, katikati ya Juni, tuliahidiwa mbegu ndani ya siku kumi. Zilishuka kutoka lorini wiki ya mwisho ya Julai, barabara ikiwa imefunguka na haihitaji boti, wakati tope limekauka na kupasuka nyufa zinazomeza mguu wa mbuzi. Zilikuwa zimetiwa dawa ya rangi ya waridi, kwa hiyo hata kuliwa hazikuweza, wala kupewa kuku. Zipo katika ghala la shule, zimepangwa kando ya madawati yaliyovunjika, na kila ninapoingia kuchukua chaki huzisogeza kidogo ili mlango ufunge.